Kulipia Waranti ya Ziada ya Friji: Je, Yafaa?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa Langoni, Lamu, nauza barafu za ukwaju na maji baridi hapa nyumbani. Nataka kununua friji mpya Malindi. Muuzaji aniambia waranti ya kampuni ni mwaka mmoja, ila nikiongeza shilingi 6,000 nitapewa miaka mitatu. Je, ni halali? Na kama ni halali, yanifaa?

JIBU: Wa alaykumus-salaam wa rahmatullah, dada yangu. Allah akubarikie riziki yako.

Ule mwaka mmoja wa kampuni hauna tatizo. Umo ndani ya bei, na mwenye kutengeneza amejifunga kuisimamia kazi yake. Tena kabla ya karatasi yoyote, sharia imeshakupa khiyari ya kasoro: ukikuta kasoro iliyokuwamo kabla hujakabidhiwa, warudisha friji na kuchukua pesa zako, hata kama risiti imeandikwa "bidhaa ikiuzwa hairudishwi". Lakini kwa madhehebu yetu ya Shafi'i haki hii haingoji. Ukiijua kasoro kisha ukaendelea kugandisha barafu zako wiki nzima, umeridhika nayo, na huna tena la kurudisha.

Sasa hizo 6,000. Friji umeshailipia bei yake. Hizi wanunulia ahadi ya matengenezo ambayo huenda yakahitajika na huenda yasihitajike, na hakuna ajuaye kama ni ya shilingi mia tano au elfu ishirini. Ikikaa salama, pesa zako zimekwenda; ikifa, amepata hasara muuzaji. Hii ni gharar, yaani kuuziana jambo lisilojulikana mwisho wake. Abu Huraira, Allah amridhie, amepokea kwamba Mtume ﷺ alikataza biashara ya gharar, hadithi iliyo katika Sahih Muslim, na wanazuoni huipigia mfano wa samaki anayeuzwa angali baharini. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1985 likaikataza bima ya kibiashara, sababu yake ilikuwa gharar hii hii.

Wako wanazuoni wa leo wanaoruhusu ikiwa mwenye duka mwenyewe ndiye atoaye ahadi, kwa kuwa imefuatana na mauzo. Siwakejeli, na aliyewafuata simwambii amekula haramu. Mimi naona usinunue. Kama muuzaji angekuambia, "Lipa kiasi hiki, fundi atakuja kila miezi sita kuisafisha na kuikagua," hiyo ingekuwa ijara, kazi inayojulikana kwa malipo yanayojulikana, na ningekuambia lipa.

Tena iombe hiyo karatasi uisome kabla hujatoa pesa. Waranti nyingi hazilipii umeme uliopanda na kushuka, wala kutu, wala kilichoumia njiani. Na friji za Lamu zinakufa na nini, kama si stima na hewa ya chumvi? Yako itashushwa Mokowe, ipande mashua, kisha mkokoteni vichochoroni. Liko kubwa zaidi: waranti ya friji ya nyumbani mara nyingi huvunjika ikitumiwa kwa biashara, nawe wauza barafu. Fundi wa kampuni akikuta vifuko vya ukwaju vimejaa ndani atakuuliza, na huwezi kumwambia uongo ili utengenezewe.

Mwambie muuzaji tangu mwanzo kuwa ni ya biashara, akuonyeshe inayofaa. Muulize pia kompresa, ile mashine inayosukuma gesi ya kupoza, kwani baadhi ya kampuni huidhamini miaka 10 bila malipo ya ziada, ingawa gesi na kazi ya fundi utalipa wewe mwenyewe. Katika hizo 6,000 toa za kifaa cha kulinda friji na stima. Zinazobaki weka kando za fundi. Isipoharibika, ni zako.

Wallahu a'lam.