Punda Wanne, Kichochoro Kimoja

Kompyuta yangu ina viini vinne, yaani vipiga hesabu vinne ndani ya prosesa moja, na kwa miezi, vitatu kati ya hivyo vilikuwa vikipiga soga tu. Nilikuwa nalinganisha mishororo elfu sita ya tenzi na mashairi niliyonakili kutoka madaftari ya marehemu babu hapa Lamu, kila mshororo na wenzake wote, nijue upi umerudiwa kwa tahajia nyingine. Hizo ni jozi karibu milioni 18. Skripti niliyoandika kwa Python, lugha ya programu, ilichukua dakika 50, feni ikivuma mpaka ami akauliza kutoka barazani, "Mwanangu, hiyo mashine yachemka?"

Nilianza na nyuzi nne (threads), yaani njia nne za kazi ndani ya programu moja. Wapi! Dakika zile zile. Python ya kawaida ina kufuli liitwalo GIL, linaloruhusu uzi mmoja tu upige hesabu kwa wakati mmoja. Punda wanne wa mchanga kwenye kichochoro chetu: wanne kweli, lakini anapita mmoja. Nyuzi tumia ukiwa unasubiri mtandao. (Toleo lisilo na kufuli lilitoka kwa majaribio na Python 3.13, mwaka 2024. Mimi sijahamia.)

Dawa ni michakato (processes), yaani programu kadhaa zinazokwenda sambamba, kila mmoja na Python yake na kufuli lake. Nikachukua ProcessPoolExecutor, chombo cha Python cha kuigawia michakato kazi, nikajipongeza mapema, kumbe kazi imekuwa nzito kuliko mwanzo. Nilikuwa natuma jozi moja moja! Kila jozi hufungashwa, hupelekwa, hufunguliwa, na jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo; nauli ikazidi bei ya mzigo. Sasa kila mchakato husoma faili lote wenyewe mara moja, nami naupa namba tu: chukua mshororo wa 212, linganisha na wote wanaoufuata. Namba nazo huenda hamsini hamsini, kwa chunksize, kigezo kinachopanga ukubwa wa kila fungu. Kwa michakato mitatu ilikuwa dakika 18. Kiini cha nne nakiacha, maana nami nataka kusoma barua pepe.

Kwenye Windows usisahau kuanzisha michakato chini ya mstari if __name__ == "__main__". Bila mstari huo kila mchakato mpya huisoma skripti upya, hutaka kuzaa wengine, na kazi yote huanguka.

Ila lililonikera ni hili: mshororo wa utenzi kwa kawaida una mizani (silabi) 8, wa shairi 16. Ya nini kuwalinganisha? Nikaongeza sharti la mstari mmoja kuruka jozi hizo, dakika 18 zikawa 10. Ningelianza na hilo, kabla ya kugusa kiini chochote.