Uvimbe ulinywea, umerudi, na sasa hausikii dawa

Ndugu, pole sana kwa shangazi. Umesema uvimbe wa titi ulinywea kwa mizunguko ya kwanza ya kemo (dawa kali za kuua seli za saratani), kisha ukarudi, na dawa ileile sasa haifui dafu, hata mnashuku ilikuwa bandia. Dawa bandia zipo, ila haya hutokea hata kwa dawa halisi.

Uvimbe wa sentimita 1 una seli zipatazo bilioni 1, na hazifanani. Kila seli ya saratani ikigawanyika hunakili jeni zake kwa makosa. Tuseme kosa linaloikinga na dawa fulani hupatikana kwa seli 1 katika milioni: basi dripu ya kwanza haijatundikwa, na seli 1,000 tayari zimekingika. Nyingine zina pampu inayotapika dawa nje, nyingine zimebadili protini ambayo dawa huishika. Dawa inafyeka zile nyingi, nyumba nzima inashangilia, kumbe ni shamba lililopaliliwa likaachwa na ndago.

Ndiyo sababu dawa huchanganywa: seli inayokwepa mbili zisizofanana ni 1 katika trilioni, japo pampu moja yaweza kutapika dawa za aina kadhaa. Hospitali ya Mulago, Kampala, walilipambanua hili mapema. Uvimbe wa Burkitt, saratani ya watoto aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958, uliyeyuka kwa dawa ya siklofosfamaidi peke yake, lakini kwa watoto wengi ukarudi. Wakaja kuiunganisha na dawa nyingine, vinkristini na methotreksati.

Mzunguko ukipangwa kila siku 21, daktari ndiye wa kuusogeza, kwa mfano chembe za damu zikiwa zimepungua. Msiuruke kwa kuwa uvimbe haupapasiki tena; seli milioni nzima hazipapasiki kwa kidole.

Sasa ombeni kipande kipya kikatwe palipoota tena, kipimwe upya, maana vipokezi vya homoni na HER2 (protini za seli zinazoonyesha dawa ipi itafaa) huweza kubadilika. Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Kipande kiingie mara moja kwenye fomalini (maji ya dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10 yenye bafa, yaani kemikali ya kuzuia isiwe na asidi, ujazo mara 10 ya nyama, kikae humo saa 6 hadi 72. Kikisafirishwa kwa basi toka Arua hadi Kampala ndani ya chupa kavu au maji ya chumvi, vipokezi huharibika, majibu yakaja hasi, na shangazi akanyimwa tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni, iliyomfaa. Andikeni kwenye chupa saa kilipokatwa. Maabara ya mwanzo nayo iombeni kile kipande cha zamani kilichohifadhiwa kwenye nta, mtaalamu avisome vyote viwili pamoja.