Maswali ya wasomaji: Fanksheni za asembli ziandikiwe nini?

SWALI: Mradi wetu una mamia ya fanksheni za asembli (lugha ya amri za prosesa zenyewe) ya x86-64. Nyingine zinaitwa kutoka C, nyingine zinaitana zenyewe. Karibu kila mstari una maoni, lakini anayegusa moja huvunja nyingine. Tukosoeni.

JIBU: Maoni ya kila mstari hurudia tu kile ambacho amri inasema. Anayeiita fanksheni anataka masharti yake, nayo yakae juu ya lebo (jina la fanksheni), kwa mpangilio uleule kila mahali. Hapa rdi, esi na eax ni rejista, yaani nafasi ndogo za kushikia thamani ndani ya prosesa:

/* uint32_t jumla_baiti(const uint8_t *p, uint32_t n)
 * INAPOKEA: rdi = p, esi = n (0 ni halali)
 * INARUDISHA: eax = jumla
 * INAHARIBU: rcx, rdx, rsi, rdi, bendera
 * STAKI: haitumii */

Tazama hiyo esi: ni biti 32 za chini za rejista rsi. Kanuni za System V za kuitana kwa fanksheni, zinazofuatwa na Linux, haziahidi kwamba biti 32 za juu za rsi ni sifuri. Ukiandika rsi, mwenzako ataitumia nzima kuhesabia kitanzi. Itafanya kazi muda mrefu, kisha kompaila ibadilishwe na programu ianze kusoma kumbukumbu isiyo yake. Dawa ni mov %esi, %esi mwanzoni, inayozifanya biti za juu kuwa sifuri.

Mstari wa INAHARIBU ndio unaokosewa zaidi. Orodhesheni rejista ambazo fanksheni inaruhusiwa kuharibu, hata kama leo haizigusi. Inapoitwa na C hakuna shida, kwa sababu kompaila tayari inahesabu rax, rcx, rdx, rsi, rdi na r8 hadi r11 kuwa zimepotea. Hapo kwenye INAHARIBU andikeni tu "System V". Hatari iko asembli inapoita asembli: mtu anaona rcx haiguswi, anaacha thamani yake humo, kisha mwingine anaongeza rep movsb (amri ya kunakili baiti) ndani ya fanksheni, na amri hiyo inakula rcx, rsi na rdi kwa pamoja. (Mkihamia Windows, rdi, rsi na xmm6 hadi xmm15 lazima zirudishwe kama zilivyokuwa.)

Kerneli ya Linux, tangu toleo 5.5, inatenganisha fanksheni zinazofuata kanuni za C na zisizozifuata kwa makro (majina yanayopanuliwa kuwa msimbo): SYM_FUNC_START kwa fanksheni za kawaida, SYM_CODE_START kwa zenye staki isiyo ya kawaida, kama milango ya kupokelea intarapti. Igeni mgawanyo huo, na muanze kuandikia zile zisizofuata kanuni. Kisha wekeni skripti inayokataa mabadiliko yoyote yenye .globl mpya (tamko linaloifanya lebo iitwe kutoka faili nyingine) isiyo na INAHARIBU juu yake.