Leza ya macho na mipango ya kuzaa: kipi kianze?

SWALI: Nina miaka 27, naishi Mwanga, Kigoma. Miwani yangu ni -4.50 macho yote mawili. Mwanangu wa kwanza ana miezi 10, bado ananyonya. Mume wangu ana safari ya Dar mwezi ujao, tukaona tuifanye moja, na mimi nikapigwe leza niachane na miwani. Mtoto wa pili tunamtaka mwakani. Niende?

JIBU: Mwezi ujao usiende, dada. Kosa haliko kwenye leza, liko kwenye vipimo.

Leza hurekebisha macho kwa kupunguza unene wa konea, ule utando angavu ulio mbele ya mboni. Kwa watu wengi una mikroni 540 hivi, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Katika LASIK, aina mojawapo ya leza hii, daktari hukata kifuniko chembamba cha mikroni 110 hivi, anakifunua, leza inakwangua chini yake, kisha anakirudisha. Kila dayopta moja (kipimo cha nguvu ya miwani) hula takriban mikroni 15, kwa hiyo namba yako itakula kama 68. Toa 110, toa 68, unabaki na 362. Kiwango kinachotakiwa kubaki ni 250 au zaidi, na wengi hupenda 300. Kwa hiyo kwa unene unafaa, kama konea yako ni ya wastani.

Lakini mimba na kunyonyesha hubadilisha homoni. Konea huvuta maji kidogo, mkunjo wake hubadilika, na machozi hupungua. Tuseme leo unapimwa -5.00 wakati namba yako halisi ni -4.50. Leza itafuata -5.00, na mtoto akiacha ziwa utajikuta na +0.50 ambayo hukuwa nayo. Kilichokwanguliwa hakirudishwi.

Kuna na dawa. Siku ya upasuaji hutolewa kidonge cha kutuliza wasiwasi, halafu matone ya antibayotiki na ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe). Mama anayenyonyesha hana sababu ya kujiingiza huko kwa jambo lisilo la dharura. Na mtoto wa miezi 10 anajua kupiga mkono usoni! Kidole kimoja jichoni wiki ya kwanza kinaweza kusogeza kile kifuniko.

Sasa piga hesabu ya miezi. Ukimwachisha akiwa na miaka miwili, ni miezi 14 kuanzia leo. Subiri angalau miezi 3, upimwe mara mbili kwa siku tofauti, na namba isiwe imesogea zaidi ya nusu dayopta kwa mwaka mzima. Baada ya upasuaji kaa miezi 3 hadi 6 kabla ya kubeba mimba, macho yatulie na matone yaishe. Hapo umeshafika miezi 20 na zaidi kabla hata ya kubeba mimba, na mtoto wa mwakani hayupo. Kwa mpango wenu, ushauri wetu ni kuzaa kwanza. Miwani ivumilie. Kusafiri kilomita zaidi ya 1,200 za reli ili ukaambiwa urudi baadaye ni hasara tupu.

Siku ukienda, lenzi laini za machoni zivuliwe wiki 1 hadi 2 kabla ya vipimo, na lenzi ngumu mapema zaidi, kwa sababu nazo hukunja konea. Na kama una tabia ya kufikicha macho, sema. Konea inayochongoka haipigwi leza ya namna hii.

SWALI: Nilifanyiwa LASIK miaka miwili iliyopita, nilikuwa -7.00. Sasa nina mimba ya miezi 7. Mama mkwe anasema nikisukuma jicho litapasuka, nijifungue kwa kisu. Tena siku hizi naona ukungu kidogo. – Tabora

JIBU: Mpe mama mkwe shikamoo yetu, ila jicho halipasuki. LASIK peke yake si sababu ya kujifungua kwa upasuaji.

Cha kuangalia kiko nyuma ya jicho. Leza iligusa mbele tu. Jicho lililokuwa -7.00 bado ni refu, na retina yake, ule utando wa nyuma unaopokea picha, ni nyembamba. Ukiona vimulimuli, vidoa vingi vyeusi vinavyoelea, au kivuli kama pazia, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.

Ukungu unaokuja polepole mara nyingi ni mimba yenyewe, na hutulia baada ya kujifungua. Usinunue miwani mipya sasa. Ila ukungu wa ghafla, wenye kichwa kuuma sana, au uso na mikono kuvimba, usiupeleke kwenye duka la miwani. Nenda kliniki ya wajawazito wakupime presha. 140/90 au zaidi inataka hatua. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, na haisubiri kesho.

SWALI: Wiki mbili baada ya PRK, leza ya macho isiyokata kifuniko, nimegundua nina mimba. Niache matone? Jirani ananipa asali ya nyuki wadogo nidondoshe. – Sikonge

JIBU: Asali yenu tunaijua sifa zake. Inyweni kwenye chai. Jichoni hapana, wala maziwa ya mama. PRK hukwangua ngozi ya juu ya konea, na jicho lako bado linapona.

Matone ya steroidi usiyakate mwenyewe, kwani baada ya PRK yanazuia kovu la ukungu. Mpigie aliyekufanyia leo, akupangie upya. Muulize pia kama siku ile alitumia mitomaisini (dawa ya kuzuia kovu), na jibu lake mpe mkunga wako aandike kwenye kadi. Ukidondosha, tone moja linatosha. Funga jicho, bana kwa kidole ile kona ya karibu na pua kwa dakika 2, dawa isiteremke puani na kuingia kwenye damu.