Maswali ya Wasomaji: Mnunuzi Anasema Amelipa, Je, Nimkabidhi Gari?

Barua tulizopokea mwezi huu kutoka Kisumu, Nakuru na kaunti za magharibi zinahusu jambo moja: mtu ametangaza gari mtandaoni, mnunuzi amejitokeza haraka kuliko ilivyotarajiwa, na muuzaji ameingiwa na shaka. Tumechagua nne.

*Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu na naishi Mamboleo, Kisumu. Nimetangaza mtandaoni Toyota Fielder yangu ya mwaka 2011 kwa shilingi 750,000. Bwana mmoja anayesema anafanya kazi Qatar ameniandikia kwa WhatsApp kwamba anamnunulia mdogo wake aliye Bungoma. Hakuuliza kama gari limewahi kugongwa, wala hakuomba nimpunguzie bei. Jana, Ijumaa alasiri, alinitumia picha ya stakabadhi ya benki inayoonyesha kuwa hundi ya shilingi 980,000 imewekwa kwenye akaunti yangu, na nilipofungua programu ya benki kwenye simu, kweli nikaiona. Anasema shilingi 230,000 zilizozidi ni za dereva atakayelichukua gari pamoja na deni la mdogo wake, na anataka nizitume kwa M-Pesa leo kabla ya saa sita. Binti yangu ananizuia, lakini mnunuzi ameanza kukasirika. Nifanyeje? — Mwalimu, Mamboleo*

Mwalimu, usitume hata shilingi moja, na umsikilize binti yako.

Ulichokiona kwenye simu ni salio la vitabuni. Hundi ikishapokewa, benki huiandika kwenye akaunti yako kuonyesha kwamba imewekwa, lakini fedha zenyewe bado ziko kwenye benki ya aliyeiandika, na huko ndiko itakakoangaliwa kama akaunti ina kitu, kama saini inafanana, na kama kitabu cha hundi hakikuripotiwa kuibwa. Fungua tena programu hiyo utazame kiasi cha pili kinachoonyeshwa, yaani salio unaloweza kulitoa, na yaelekea utakuta halijaongezeka. Hundi ya benki nyingine kwa kawaida hukamilika siku ya kazi inayofuata, na mwisho wa wiki hauingii katika hesabu hiyo, kwa hiyo hundi iliyowekwa Ijumaa alasiri haiwezi kuwa fedha mkononi mwako kabla ya Jumatatu, na ikiwa ilichelewa kufika dirishani, hata Jumanne. Ndiyo maana mtu huyu alichagua Ijumaa, na ndiyo maana hasira zake zimeanza Jumamosi. Hundi ikirudi bila kulipwa, benki itazifuta zile 980,000 kwenye akaunti yako, ilhali 230,000 ulizotuma kwa M-Pesa zitakuwa zimetoka mfukoni mwako na kutolewa kwa wakala dakika chache baada ya kufika.

Viwango alivyovichagua navyo vinastahili kutazamwa. Tangu Oktoba 2009, Benki Kuu ya Kenya hairuhusu hundi ya zaidi ya shilingi milioni moja kupitishwa kati ya benki na benki. Hundi yake imesimama chini kidogo ya kiwango hicho. M-Pesa nayo hairuhusu muamala mmoja kuzidi shilingi 250,000. Ziada anayoidai inapita mara moja, bila kugawanywa. Sidhani kwamba hayo ni sadfa. Isitoshe, mtu aliye Qatar mwenye haja ya kumlipa dereva wa Bungoma anaweza kumtumia dereva huyo fedha moja kwa moja, na hakuna sababu ya maana ya kuzipitisha kwenye akaunti ya mwalimu wa Kisumu ambaye hajawahi kuonana naye.

Jumatatu nenda kwenye tawi lako la benki ukiwa na picha ya stakabadhi, uwaeleze kwamba hundi hiyo huielewi, na usiguse fedha hizo hata kama zitaonekana zimeiva, mpaka benki ikuthibitishie kuwa hundi imelipwa na akaunti iliyotoka haina mgogoro. Mnunuzi mwambie kwamba unapokea bei ya gari peke yake, isiyozidi wala kupungua, kutoka kwa mtu atakayefika kuliona. Nadhani hutamsikia tena.

*Mshauri, nipo Section 58, Nakuru, nauza Probox niliyokuwa nikibebea viazi kutoka Molo. Mnunuzi anataka tukutane jioni na fundi wake, walijaribu gari, kisha anilipe shilingi 400,000 kwa M-Pesa hapo hapo. Nitajuaje kwamba ujumbe wa malipo ni wa kweli, na je, niwaachie gari waliendeshe? — Mchuuzi, Nakuru*

Ujumbe mmoja unaosema umepokea shilingi 400,000 ni wa uongo hata kabla hujaumaliza kuusoma, kwa sababu kiwango cha muamala mmoja ni 250,000, kama nilivyomwambia Mwalimu hapo juu. Atalazimika kutuma angalau mara mbili. Tena akaunti ya M-Pesa haibebi zaidi ya shilingi 500,000 kwa jumla, kwa hiyo ukiwa tayari una 150,000 ndani, malipo hayataingia yote. Ujumbe halisi huja kwa jina la MPESA, nao matapeli hutuma maneno yale yale, pamoja na namba ya muamala na salio la kubuni, kutoka kwenye namba ya kawaida ya simu. Ukiwa kando ya barabara giza likiingia na watu wawili wakikuharakisha, ni rahisi kusoma maneno na kusahau kutazama aliyeyatuma. Kwa hiyo hata ujumbe ukionekana sawa, piga *334# wewe mwenyewe, kwenye simu yako, uangalie salio. Mtu akijitolea kukusaidia kuangalia, au akikuomba namba fulani iliyoingia kwenye simu yako ili "malipo yakamilike", mazungumzo yaishie hapo. Namba hizo ndizo zinazofungua akaunti yako ya WhatsApp au ya benki.

Fahamu pia kwamba aliyetuma fedha anaweza kudai alikosea namba, akapeleka ujumbe wa muamala kwa 456, namba ya Safaricom ya kurudisha fedha, ili zirudishwe. Kinga yako ni mkataba wa mauzo uliotiwa saini na nyote wawili kabla ya malipo, wenye namba za vitambulisho, namba ya usajili wa gari, namba ya chesisi na bei, kisha namba ya kila muamala ikaongezwa mara fedha zinapoingia. Ukiwa na karatasi hiyo, hadithi ya kukosea namba haina miguu.

Lakini kwa nini jioni, na kwa nini kando ya barabara? Ushauri wangu ni kwamba mkutane asubuhi ndani ya benki yako, pale Kenyatta Avenue au penginepo, na alipe kwa PesaLink, njia ya kutuma fedha kutoka benki moja hadi nyingine, ambayo hupitisha hadi shilingi 999,999 kwa mara moja na fedha kuonekana karibu papo hapo. Mnunuzi wa kweli hapotezi chochote kwa kukutana nawe kwenye ukumbi wa benki wenye kamera na askari mlangoni. Akija na karatasi ya benki yenye muhuri badala ya fedha zilizoingia, mpe mfanyakazi wa dirishani aikague. Mihuri huchongwa mitaani kwa bei ya chakula cha mchana.

Kuhusu kulijaribu gari, hakuna anayenunua Probox bila kuliendesha, na usimnyime. Kwanza omba leseni yake ya udereva na kitambulisho, uvipige picha, uzitume kwa jamaa yako, kisha kaa naye ndani ya gari. Wakitaka kubadilishana usukani, zima gari na utoe ufunguo kabla ya yeyote kushuka, kwa sababu gari nyingi huondoka dakika hiyo ambapo mwenyewe amesimama nje akizunguka upande wa pili. Fundi wake naye usimwache peke yake penye boneti iliyo wazi. Kuna mchezo wa zamani ambapo mmoja anakuuliza maswali huku mwenzake akimimina oili kwenye rejeta au kuchomoa waya, kisha injini "iliyokufa" inashushiwa bei ya 150,000 mbele ya macho yako. Ikitokea hitilafu ambayo haikuwapo asubuhi, ahirisha mauzo uende kwa fundi wako.

*Mpendwa Mshauri, mume wangu anafanya kazi Nairobi na ameniachia kazi ya kuuza pikapu yetu hapa Bungoma. Dalali mmoja anayejulikana mjini anataka atoe nusu ya bei, achukue gari pamoja na logibuku (hati ya umiliki wa gari), na amalize baada ya mwezi. Anasema tusijisumbue na uhamisho wa umiliki, kwa kuwa utafanywa na mteja wake wa mwisho. — Mama Bungoma*

Mama, dalali huyu huenda si tapeli, maana ndivyo wengi wao wanavyofanya biashara. Wanaponunua na kuuza bila jina lao kuingia kwenye rekodi, wanaokoa ada za uhamisho na wanabaki huru kuligeuza gari haraka. Tatizo ni kwamba gharama ya uhuru wao mnaibeba nyinyi.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humchukulia mtu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Pikapu hiyo ikigonga mtu Webuye au ikikamatwa na pombe haramu, polisi watakayemtafuta kwanza ni mume wako. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 9, inataka mabadiliko ya umiliki yaarifiwe ndani ya siku 7, na inakataza gari lililouzwa kuendeshwa barabarani zaidi ya siku 14 bila mmiliki mpya kusajiliwa. Kwa hiyo mwezi mzima anaouomba dalali hauingii katika sheria hata kama atalipa kila senti.

Halafu kuna mpaka. Kutoka Bungoma hadi Malaba ni mwendo wa saa moja hivi, na kupitia Busia pia si mbali sana. Gari lenye logibuku halisi ndani yake ni rahisi sana kuuzwa upande wa pili, na likishavuka, nusu ya bei ndiyo itakayokuwa bei yenu nzima.

Uhamisho wenyewe siku hizi si kazi ya karatasi za kutia saini na kuacha wazi, na mtu akikuletea fomu ya aina hiyo mkatae. Muuzaji ndiye anayeuanzisha kupitia akaunti yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za NTSA, mamlaka inayosajili magari, na mnunuzi huukubali kupitia akaunti yake mwenyewe. Kwa kuwa gari limesajiliwa kwa jina la mume wako, hakuna awezaye kuuanzisha isipokuwa yeye, naye anaweza kufanya hivyo akiwa Nairobi bila kusafiri. Asimpe mtu yeyote nywila yake, hata dalali akisema ana mtu wa kumsaidia kwenye Huduma Centre. Utaratibu ninaoupendekeza ni huu: dalali alipe amana ndogo ya kushikilia gari, mkataba uandikwe mbele ya wakili, gari na logibuku vibaki nyumbani kwako, na siku atakapomaliza malipo na benki kuthibitisha, mume wako auanzishe uhamisho siku hiyo hiyo. Akitaka kuliuza kabla ya hapo, na amlete mteja wake kwako.

Kama kweli mnahitaji nusu ya fedha sasa hivi, afadhali mpunguze bei kwa mnunuzi wa kulipa mara moja. Najua dalali ataudhika na atasema humwamini. Ni kweli humwamini kwa kiasi cha nusu ya gari, na hilo halina aibu.

*Nimeshatapeliwa. Gari lilichukuliwa Kakamega kwa hundi iliyorudi, na namba ya mnunuzi haipatikani. Kuna linalofanyika? — Msomaji, Kakamega*

Pole sana. Nenda leo kwenye kituo cha polisi kilicho karibu, uandikishe tukio na upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, ukiwa na hundi iliyorudi, mkataba, picha za kitambulisho na mazungumzo yote ya simu. Usifute chochote hata kama kinakuaibisha. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake hufikia miaka 3. Omba wapelelezi wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, waiarifu NTSA ili uhamisho wowote uzuiwe, na vituo vya mpakani Busia na Malaba vipewe namba ya usajili na ya chesisi. Iarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi, kwa sababu tarehe ya taarifa hiyo itahitajika endapo gari litafanya ajali. Kama kuna fedha ulizotuma kwa M-Pesa, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 na namba ya tapeli kwa 333, namba ya kuripoti utapeli, bila kusubiri kesho.

Katika siku zijazo huenda ukapigiwa simu na mtu anayejiita mpelelezi au mdukuzi, aliye tayari kukurudishia gari ukimtumia nauli au ada kidogo. Namba hiyo mpe afisa anayeshughulikia jalada lako.