Starlet ya turbo: usiruke kutoka plagi namba 6 hadi 9

Mkuu, umesema umepandisha presha ya turbo kwenye Toyota Starlet yako na fundi anataka utoke plagi namba 6 uende 9 "ili injini isichemke". Nakuomba usifanye hivyo. Nina injini hiyo hiyo, 4E-FTE ya cc 1,331, na hapa hapa Tanga nimekosea pande zote mbili.

Kwa NGK, namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi, lakini plagi baridi haipozi injini. Kinachopoa ni ncha yake tu. Kauri ya ndani ikiwa fupi, joto linakimbilia upesi kwenye silinda hedi. Ikiwa ndefu, joto linabaki nchani. Ncha inatakiwa ipite nyuzi 450 hivi ndipo iunguze masizi yake, ila ikivuka 800 na kitu inageuka kaa la moto, inawasha mafuta kabla cheche haijapigwa. Hapo ndipo pistoni zinatoboka.

Nilipopandisha presha mara ya kwanza niliacha namba 6. Mjini safi kabisa. Siku moja nikaikanyaga kutoka Pongwe kwenda Muheza, nikasikia inagonga kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Nikapunguza mwendo. Nilipochomoa plagi, kauri ilikuwa nyeupe pe, ina vidoadoa vinavyong'aa. Ile ilikuwa alminiamu ya pistoni zangu. Nilikaa chini pale gereji nikaitazama muda mrefu.

Kwa woga nikafunga 8. Wiki mbili za Ngamiani na Raskazone, foleni na silensa (injini inaunguruma gari limesimama), gari likaanza kumisi, yaani kukosa moto, kila asubuhi. Plagi nyeusi tii, masizi makavu. Joto la Tanga halisaidii kitu: ncha inapata moto kwa kazi ya injini, na mjini injini haifanyi kazi nzito.

Sasa natumia 7, pengo nimelibana kutoka milimita 1.1 hadi 0.8, kwa sababu presha ikiwa kubwa cheche inazimika kwenye pengo pana. Rangi ya kauri ni kahawia hafifu. Lakini niseme ukweli, 7 peke yake isingeniponya. Kugonga kuliisha baada ya kurekebisha mafuta na taimingi (wakati wa kupiga cheche). Mchanganyiko ulikuwa mkavu, yaani mafuta machache kwa hewa nyingi. Fundi asiyepima mafuta akakuuzia plagi baridi anaficha ugonjwa.

Dukani angalia sana namba. NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi, na 7 ya NGK ni 22 ya Denso. Bosch na Champion ni kinyume, namba ikipanda inakuwa ya moto. Muuzaji akikwambia "saba ni saba", toka humo.

Na kaza vizuri! Washa ya plagi (ile ringi ya chuma) isipokaa, joto halina pa kupitia, na plagi baridi inaungua kama ya moto. Plagi mpya zungusha kwa vidole mpaka igote, kisha ongeza nusu mzunguko au kidogo zaidi kwa spana.

Funga 7. Nenda Muheza, kanyaga gia ya tatu, kisha zima injini ikiwa bado kwenye mzigo, inavuta gari, usiiache ikiunguruma, wala usigeuze ufunguo mpaka usukani ukajifunga. Paki, ipoe, chomoa. Piga picha kauri zote nne kwa mpangilio wa silinda, uziweke hapa tuzitazame.