Kuahirisha dawa za usubi kwa mwaka mmoja
Umeuliza kama kusitisha ugawaji wa dawa za usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na nzi weusi, wakati wa UVIKO-19 kulileta madhara. Kulileta, tena si madogo. Tarehe 1 Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kampeni za kugawa dawa kwa jamii nzima ziahirishwe, na naona halikuwa na njia nyingine, kwani mgawa dawa husogeleana na kila mtu, akimpima urefu kwa fimbo na kumhesabia vidonge mkononi. Lakini ivermektini, dawa inayogawiwa dhidi ya usubi, huua minyoo wachanga walio ngozini tu, wala haiui wale wakubwa, ambao huweza kuishi zaidi ya miaka 10 wakizaa; duru moja ikirukwa, wachanga hujaa tena ngozini na nzi weusi huwapeleka kwa wengine.